Nani Atalipa Lori? Jinsi ya Kuifungua Sentensi ya Kiingereza

Tuseme hivi. Jioni moja baba mmoja arudi nyumbani kutoka sokoni, mkononi ana karatasi. Mnunuzi wa mahindi amepita kijijini, naye ataka kupatana na wakulima kabla ya mavuno. Bei yake si mbaya. Karatasi yenyewe ni fupi, haifiki nusu ya ukurasa, lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Baba amwita binti yake wa kidato cha pili, aliye nyumbani kwa likizo. "Mwanangu, hebu tusomee haya."

Binti asoma: "The farmer agrees to allow the buyer to collect the maize and to pay for the lorry."

Kisha afasiri: "Mkulima anakubali kumruhusu mnunuzi kuchukua mahindi na kulipa lori."

Baba aridhika, atafuta kalamu. Hapo mama, anayechambua maharage karibu na jiko, ainua kichwa na kuuliza: "Kulipa lori, nani?"

"Mnunuzi, bila shaka," asema baba.

Binti aitazama tena karatasi. "Samahani, baba. Yawezekana ni sisi."

Kalamu yarudi mfukoni.

Watu hawa ni wa mfano tu, lakini karatasi za namna hii si za mfano. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo mapatano ya biashara, maelezo ya dawa, ya mbolea na ya mashine bado huja mara nyingi kwa Kiingereza. Tena watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wafikapo sekondari hufundishwa masomo mengi kwa Kiingereza. Kwa hiyo yafaa wazazi na watoto wajue namna ya kuifungua sentensi ya lugha hiyo. Usiogope, si kazi ya walimu peke yao. Mama yule hakusoma Kiingereza hata kidogo, lakini swali lake fupi ndilo ufunguo wenyewe: nani?

MTENDA YUKO WAPI?

Chukua neno letu moja: "nitampelekea." Ni neno moja tu, lakini tazama jinsi lilivyobeba mzigo. "Ni" yasema mtenda ni mimi. "Ta" yasema ni wakati ujao. "M" yasema yupo mtu atakayepelekewa. Tendo lenyewe ni kupeleka. Kiswahili hufunga kila kitu katika furushi moja, na mtenda hufungwa mbele kabisa, huwezi kumkosa.

Kiingereza hakifanyi hivyo. Maneno yake husimama mmoja mmoja kama watu waliopanga mstari kisimani, na nafasi ya kila neno ndiyo ionyeshayo kazi yake. Sisi twaweza kusema, "Mtoto amevunja kiti," au, "Kiti amekivunja mtoto." Maana haigeuki, kwa sababu "a" yamfuata mtoto na "ki" yakifuata kiti. Lakini Mwingereza asemaye "The child broke the chair" akibadilishana nafasi za maneno na kusema "The chair broke the child," basi kiti ndicho kilichomvunja mtoto! Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza hana budi kutazama sana nafasi. Neno limesimama wapi? Mbele yake kuna nani?

KWANZA TAFUTA SHINA

Sentensi ni kama mti. Ina shina moja, nayo yaweza kuwa na matawi. Shina ni kile kitenzi kibebacho wakati. Matawi ni vitenzi vingine vinavyolitegemea shina hilo.

Utalijuaje shina? Kuna njia rahisi: badili siku. Chukua ile sentensi ya mahindi uifanye kuwa habari ya jana. Itakuwa hivi: "The farmer agreed to allow the buyer to collect the maize and to pay for the lorry."

Umeona? Neno moja tu ndilo lililogeuka: "agrees" limekuwa "agreed." Hilo ndilo shina. "To allow," "to collect" na "to pay" hayakutikisika hata kidogo, maana hayana wakati. Hayo ni matawi. Katika sarufi yetu kitenzi cha namna hiyo huitwa kitenzi-jina, kama kuruhusu, kuchukua, kulipa.

Ukiisha kupata shina, tazama neno lililo mbele yake. Hapo ndipo akaapo mtenda wa shina. Hapa ni "the farmer," mkulima. Basi twajua jambo moja kwa hakika: mkulima anakubali. Shida i katika matawi.

"KU" NA "TO": NDUGU, LAKINI SI PACHA

Mtoto wa shule hufundishwa mapema kwamba "kusoma" ni "to read" na "kula" ni "to eat." Ni kweli. "Nataka kusoma" ni "I want to read." Neno "to" lenyewe lina historia yake. Hapo kale, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza nacho kilikuwa na kitenzi-jina cha neno moja. Walisema "etan" kwa kula na "singan" kwa kuimba. Baadaye miisho ile ililika kidogo kidogo kwa karne nyingi, ikapotea. Likabaki neno "to," ambalo tangu mwanzo lilikuwa na maana ya kuelekea mahali. Hata leo lina kazi zote mbili. "She went to the market to buy salt." "To" ya kwanza yaelekea mahali, sokoni. Ya pili yaelekea tendo, kununua chumvi. Ukikuta "to," tazama neno linalofuata: je, ni mahali au mtu, au ni tendo? Tendo tu ndilo tawi la mti wetu.

Lakini tazama mahali ndugu hawa wanapoachana njia. Sisi twasema, "Nataka kuja," maana mwenye kutaka na mwenye kuja ni mtu mmoja. Ikiwa mwenye kuja ni mtu mwingine, twaiacha "ku" mara moja na kusema, "Nataka uje." Ile "u" yamtaja mtenda mpya. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye hushika "to" yake ile ile, akamchomeka mtenda mpya mbele yake: "I want to come," nataka kuja. "I want you to come," nataka uje.

Hapa ndipo watoto wetu wengi hukwaa. Hufikiri kwa Kiswahili, kisha huandika "I want that you come," au "I want you come." Mwalimu hupiga alama nyekundu, na mtoto hajui kosa lake. Mwambie hivi: Kiswahili chako chaonyesha watenda wawili, nacho Kiingereza chataka watenda wawili, ila mtenda wa pili akae mbele ya "to," tena kwa umbo la mtendwa. Yaani "I want him to come," si "he." Kwa maana yeye ana kazi mbili: ndiye anayetakwa, tena ndiye atakayekuja.

Angalia pia neno la kukana. "I told him not to go" ni "Nilimwambia asiende." "I did not tell him to go" ni "Sikumwambia aende." Hizi ni habari mbili tofauti kabisa. Katika ya kwanza yeye amekatazwa. Katika ya pili hakukatazwa na mtu, bali hakutumwa. "Not" ikikaa karibu na shina, yakana shina. Ikikaa mbele ya "to," yakana tawi.

MAMA ALIMWAMBIA, MAMA ALIMWAHIDI

Sasa tufike kwenye fumbo lenyewe. Soma sentensi hizi mbili:

"Mother told Peter to sell the goat."

"Mother promised Peter to sell the goat."

Zafanana kama matone ya maji. Neno moja tu ndilo lililo tofauti. Lakini uliza swali la mama yule: nani atauza mbuzi? Katika ya kwanza ni Petro: mama alimwambia Petro auze. Katika ya pili ni mama mwenyewe: alimwahidi Petro kwamba atauza. Kiingereza hakikumtaja mtenda wa "to sell" mahali po pote. Kimemficha. Kiswahili chetu hakituruhusu kumficha hivyo. Ukifasiri vema, lazima uchague: "auze," au "kwamba atauza."

Je, kuna kanuni? Ndiyo. Vitenzi vingi vya kuagiza, kuomba, kushauri, kuruhusu na kulazimisha, kama "tell," "ask," "order," "advise," "allow" na "force," humpa kazi yule mtu atajwaye baada yao, mbele ya "to." Lakini "promise" ni cha namna nyingine: mwenye kuahidi ndiye mwenye kutenda. Na kama hakuna mtu aliyetajwa katikati, mara nyingi mtenda wa shina ndiye mtenda wa tawi pia. "He asked to leave" ni yeye aliyeomba kuondoka. "He asked me to leave" ni mimi niliyeambiwa niondoke. Neno dogo "me" limenitoa nje ya mlango!

Mara nyingine Mwingereza mwenyewe hawezi kujua. Akisema "The chicken is ready to eat," je, kuku yu tayari kula pumba zake, au yu tayari kuliwa nasi? Sisi hatuna shida hapo. Twasema "kula," au twasema "kuliwa," basi. Usidhani, ndugu msomaji, kwamba lugha yetu ni maskini mbele ya Kiingereza. Katika jambo hili ndiyo taa ya kuwashia gizani.

"TO" ISIYOONEKANA

Kuna matawi mengine yasiyo na "to." Baada ya "can," "may," "must," "shall" na "will," tendo husimama tupu: "The buyer must pay," mnunuzi hana budi kulipa. Si "must to pay." Kadhalika baada ya "let" na "make": "The teacher let us go home," mwalimu alituruhusu twende nyumbani. "They made him pay," walimlazimisha alipe. Lakini ukigeuza sentensi hiyo ya mwisho kuwa ya kutendwa, "to" hurudi: "He was made to pay," alilazimishwa kulipa. Mtoto na ayashike hayo kwa mazoezi. Wewe mzazi shika hili tu: iwepo "to" au isiwepo, swali ni lile lile.

Pengine mtoto wako atakuja na hofu nyingine, kwamba ni mwiko kuweka neno kati ya "to" na tendo, kama "to carefully read." Usimtishe. Ugomvi huo ni wa Waingereza wenyewe. Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Kianglikana la Canterbury, aliikemea desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1864, na walimu wengi wakamfuata. Mwaka 1926 H. W. Fowler, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya matumizi ya Kiingereza, alisema kwamba afadhali kuitumia kuliko kuandika maneno yenye utata au yaliyolazimishwa. Katika mtihani mtoto amfuate mwalimu wake. Lakini mwiko huo haujapata kumla mtu mahindi yake. Mtenda aliyefichwa ndiye wa kuogopwa.

CHORENI MTI CHINI

Huko Marekani walimu wawili, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walitoa mwaka 1877 kitabu cha kufundisha wanafunzi kuzichora sentensi kwa mistari. Mtenda na kitenzi waliwekwa juu ya mstari mmoja, na maneno mengine yakatundikwa mahali pake. Watoto wa shule za Marekani kwa miaka mingi walijifunza sarufi kwa michoro hiyo. Nasi twaweza kuchora, wala hatuhitaji kitabu. Kijiti na uwanja uliofagiwa vyatosha.

Turudi basi kwa familia yetu. Asubuhi binti achora shina uwanjani, aandika "agrees." Chini yake aandika jina la mtenda: mkulima. Achora tawi, "to allow." Nani aruhusu? Hakuna mtu katikati, basi ni mkulima. Kutoka tawi hilo achora kijitawi, "to collect." Nani achukue? Mbele yake yuko "the buyer," basi ni mnunuzi. Sasa imebaki "and to pay." Tawi hili limeota wapi?

Likiwa limeota katika shina, mkulima amekubali mambo mawili: kuruhusu, na kulipa lori. Atalipa yeye. Likiwa limeota katika tawi la kuruhusu, pamoja na "to collect," basi mnunuzi ndiye mwenye kulipa. Sentensi yakubali yote mawili. Siku ya ugomvi kila mmoja ataisoma kwa faida yake.

Lakini ngoja, binti hajamaliza. Aitazama tena ile maana ya pili, iliyompendeza baba. "Baba, hata hapa hatujapona. Mnunuzi ameruhusiwa kulipa. Hajalazimishwa." Ndivyo ilivyo! Tawi lililoota katika kuruhusu hupata nguvu ya kuruhusu tu. Atakaye kulipa atalipa, asiyetaka ataondoka na lori lake, na karatasi haitamshika. Kwa maana ya kwanza mkulima hulipa. Kwa maana ya pili hakuna alazimikaye kulipa. Baba alidhani karatasi inamlinda, kumbe haimlindi popote.

DAWA YAKE

Dawa si kuwagombeza watoto, wala si kumwita mnunuzi mwizi. Pengine aliyeiandika hakukusudia ubaya, aliandika kwa haraka tu. Dawa ni kuomba sentensi ikatwe mara mbili, kila tendo kubwa lipate shina lake na mtenda wake:

"The farmer agrees to allow the buyer to collect the maize. The buyer must pay for the lorry."

Yaani: Mkulima anakubali mnunuzi achukue mahindi. Mnunuzi hana budi kulipa lori. Sasa mtenda wa kulipa ametoka mafichoni, amesimama mbele ya tendo lake, na "must" imemfunga. Mnunuzi mwema hatakataa kuandika hivyo. Akikataa, umekwisha kujua jambo ambalo usingelijua baada ya kutia sahihi.

Omba pia nakala ya Kiswahili, nayo isemwe kwa "alipe" na "achukue," si kwa "kulipa" na "kuchukua" peke yake. Kumbuka kwamba tafsiri ya kwanza ya binti ilimficha mtenda vile vile, kwa kuwa aliifuata "to" kwa "ku" tupu. Na kama fedha ni nyingi au jambo ni zito, mtafute mwanasheria au mtu wa msaada wa kisheria kabla ya kalamu kugusa karatasi. Afadhali mnunuzi angoje siku mbili kuliko wewe kujuta mwaka mzima.

JARIBUNI NYUMBANI

Haya, wazazi na watoto, jioni ya leo someni sentensi hizi tatu, na kwa kila "to" mwulize: nani?

1. "The headmaster told the parents to bring two hoes."

2. "The carpenter promised my uncle to mend the door."

3. "The cow is too thin to sell."

Majibu ni haya. Katika ya kwanza wazazi ndio wa kuleta majembe mawili. Katika ya pili seremala ndiye wa kutengeneza mlango, si mjomba. Katika ya tatu ng'ombe hauzi kitu, yeye ndiye wa kuuzwa, naye amekonda mno, hauziki. Muuzaji hakutajwa, lakini kila mtu pale nyumbani amjua.

Ikiwa mtoto wako amepata zote tatu, mpongeze. Ikiwa bibi yake, asiyejua neno la Kiingereza, amepata majibu kwa kuuliza tu "nani?" kila mara mtoto alipofasiri, basi mpongeze zaidi. Maana mtoto huleta maneno kutoka shuleni, nao wazee huleta tabia ya kutokubali neno lisilo na mwenyewe. Vikutanapo viwili hivyo mezani, karatasi ngumu hulainika, na mahindi ya mwaka mzima hayapotei kwa neno la herufi mbili.